Maswali ya Mashabiki kwa Nyota: Kura za Wengi au Kalamu ya Wachache?

Tarehe 29 Agosti 2012, Barack Obama, akiwa Rais wa Marekani na katikati ya kampeni za kuwania muhula wa pili, alitumia takriban nusu saa kujibu maswali ya watumiaji wa mtandao wa Reddit, ambako watu huandika machapisho na kuyapigia kura yapande au yashuke. Watu walimiminika hata mtandao wenyewe ukaelemewa. Maswali na maoni yakaandikwa kwa maelfu, naye akajibu kumi tu. Nyota yeyote anayekubali kukutana na mashabiki wake mtandaoni, awe mwanamuziki, mwigizaji au mwanasoka, hukabiliwa na hali hiyohiyo: yeye huja na saa moja, wao huja na maswali yasiyohesabika. Maana yake ni kwamba maswali mengi mno hayatajibiwa kamwe, na kwamba mchujo upo hata pale ambapo hakuna aliyeutangaza. Kinachobishaniwa ni nani achuje, na kwa kigezo gani.

Wapo wanaoshikilia kwamba mashabiki wenyewe wapige kura, na maswali yenye kura nyingi ndiyo yafike kwa mgeni. Wapo wengine wanaoona kwamba kazi hiyo wakabidhiwe wasimamizi wachache wa kundi la mashabiki, wanaoifahamu historia ya msanii na wanaoweza kupambanua swali lenye uzito na lile la kujipendekeza. Kila upande una hoja nzito, na kila upande, kwa maoni yangu, umeipa njia yake kazi isiyoiweza.

Tuanze na kura. Sifa yake kubwa ni uwazi: anayeshindwa anaona ameshindwa na nani, na meneja wa msanii hawezi kulifuta kimyakimya swali linalomkera huku maelfu wakilitazama. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 2012, mwigizaji Woody Harrelson alifika Reddit kuitangaza filamu yake mpya, na alipojaribu kuyarudisha mazungumzo kwenye filamu hiyo pekee, wasomaji walichukizwa kiasi kwamba kisa chake bado kinasimuliwa kama mfano wa jinsi ya kukosana na hadhira. Waliona wamegeuzwa bango la matangazo. Pale ambapo kura huamua, mgeni hulazimika angalau kuyaona yale ambayo watu wanataka kuyajua, hata kama hatimaye atakataa kuyajibu, jambo ambalo ni haki yake.

Udhaifu wa kura, hata hivyo, hauko kwa wapiga kura. Uko kwenye saa. Swali lililoandikwa katika dakika za mwanzo huonekana, hupata kura, hupanda juu, na kwa kupanda huonekana zaidi. Swali bora lililoandikwa saa tano baadaye huzama bila kusomwa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la watafiti Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, ambao waliyapa baadhi ya maoni ya mtandaoni kura moja tu ya bandia ya kuyaunga mkono mara yalipoandikwa. Alama za mwisho za maoni hayo zilipanda kwa wastani wa asilimia 25. Ikiwa kura moja ya mwanzo ina nguvu kiasi hicho, basi orodha tunayoiita chaguo la mashabiki kwa sehemu fulani ni chaguo la waliokuwa macho wakati tangazo lilipotoka. Kwa jumuiya yenye watu wa mabara yote hilo si dogo, kwa kuwa saa ya mchana kwa wengine ni usiku wa manane kwa wenzao.

Reddit walijaribu kulirekebisha jambo hili mwaka 2009 kwa kuleta mpangilio unaozingatia uwiano wa kura za kuunga mkono na za kupinga, badala ya jumla yake tu, ili chapisho lililochelewa lakini lililopendwa na karibu wote waliolisoma liweze kulipita la mapema. Ni hesabu nzuri, lakini haiwezi kulisaidia swali ambalo hakuna aliyelifikia kulisoma. Dawa iliyo karibu zaidi na ugonjwa ni kuyaonyesha maswali kwa mpangilio wa bahati nasibu na kuficha idadi ya kura hadi mwisho, na inashangaza kwamba makundi mengi hayaitumii ilhali mitandao kadhaa tayari inayo.

Kuna pia suala la makundi yaliyojipanga. Machi 2009, Ikulu ya Marekani ilipowaalika wananchi kumuuliza Rais maswali mtandaoni, yalikusanywa maswali zaidi ya 100,000 na kura zaidi ya milioni tatu, na maswali ya kuhalalisha bangi yakapanda hadi juu katika vipengele kadhaa, hata Obama akalizungumzia suala hilo kwa mzaha. Wengi walisema mfumo ulitekwa. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa kuwa waliopiga kura hizo walikuwa watu halisi wenye shauku halisi. Ila kisa hicho kinaonyesha kile ambacho kura hupima: hupima ni wangapi wanataka jambo fulani lizungumzwe. Haipimi kama swali lilivyoandikwa linaweza kuzaa jibu. Katika jumuiya za mashabiki tofauti hiyo huonekana kila mara, kwani maswali yanayoongoza huwa ni yaleyale: albamu mpya inatoka lini, utakuja lini kutumbuiza kwetu, kwa nini fulani aliondoka kwenye kundi. Yote matatu yanagusa wengi, na yote matatu kwa kawaida hayajibiki, kwa sababu tarehe ziko mikononi mwa kampuni na mkataba huwazuia kuzungumzia kuondoka kwa mwenzao. Nyota hutabasamu, husema mambo mazuri yanakuja, na swali lililopata kura elfu kadhaa limekwisha.

Hapo ndipo watetezi wa wasimamizi wanapopata nguvu. Msimamizi mzuri huunganisha maswali arobaini yanayofanana yakawa moja, hukumbuka kwamba jambo hilo lilikwishajibiwa katika mahojiano ya mwaka jana, huondoa yanayogusa watoto au makazi ya msanii, na hulipunguza swali lenye aya mbili za sifa likabaki sentensi moja. Kazi hii haionekani mpaka ikosekane. Julai 2015 Reddit ilimwachisha kazi Victoria Taylor, mfanyakazi aliyekuwa akiratibu vipindi vya Niulize Chochote, ambamo wageni hujibu maswali ya watumiaji, na kuwasaidia wageni wengi kujibu, na wasimamizi wa kujitolea wakayafunga kwa muda baadhi ya majukwaa makubwa ya mtandao huo kwa kulalamika. Jukwaa lililosifiwa kwa kuendeshwa na kura lilikuwa, kumbe, likimtegemea sana mtu mmoja aliyekaa kati ya mgeni na umati.

Lakini wasimamizi nao ni mashabiki. Wana cha kupoteza: wakimkwaza msanii au meneja wake, mwaliko mwingine hautakuja, na ukaribu wao na ofisi ya msanii, ambao ndio fahari yao, utakatika. Kwa hiyo hujidhibiti kabla ya kudhibitiwa. Wanaliacha swali la tamasha lililoahirishwa bila fedha za tiketi kurudishwa, wanachukua swali la rangi anayoipenda. Mbaya zaidi, hawaachi alama yoyote: aliyeuliza hajui kama swali lake lilikataliwa kwa ubovu, kwa kurudiwa, au kwa woga, na mahali pasipo maelezo shuku hujaa haraka. Nimeona makundi yakigawanyika kwa sababu hiyo tu, bila mtu yeyote kuwa amefanya hila.

Ninachokiona mimi ni kwamba mabishano haya yanachanganya kazi mbili. Kuchagua jambo la kuulizwa ni kazi ya wengi, kwa sababu hakuna anayejua shauku ya jumuiya kuliko jumuiya yenyewe. Kuliandika swali ni kazi ya wachache, kwa sababu umati hauwezi kushika kalamu moja. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, ilikaribia mgawanyo huu zamani: wasomaji waliandika maswali na kuyapa alama, kisha wahariri wakamtumia mgeni takriban kumi kati ya yaliyoongoza kwa barua pepe. Kilichobaki ni kwenda hatua moja mbele, kura zipigwe juu ya mada, si juu ya maandishi.

Kwa vitendo, maswali yangekusanywa kwa siku kadhaa bila kura yoyote, ili asubuhi ya mmoja isiwe hasara ya mwingine. Yangetafsiriwa kabla ya kupangwa, jambo linalosahaulika mno. Katika jumuiya inayoandika zaidi kwa Kiingereza, swali la Kiindonesia au la Kiswahili hukosa kura kwa sababu halikusomwa, wala si kwa sababu halikupendwa. Kisha wasimamizi wangeyakusanya katika mada, wakaziweka wazi pamoja na maswali yote yaliyozaa kila mada, na mashabiki wakazipigia kura zikiwa zimechanganywa kwa bahati nasibu. Baada ya hapo ndipo kalamu ingeingia. Mada ya mwanakundi aliyeondoka, kwa mfano, ikishinda, haina haja ya kufutwa kwa kuwa ni nyeti, wala kuulizwa kwa namna inayomfungia msanii mlango. Anaweza kuulizwa ni wimbo upi ulilazimika kupangwa upya baada ya sauti moja kuondoka, na uligeuka vipi. Mkataba haumzuii kuzungumzia upangaji wa sauti, na jibu litasema mengi kuliko lile ambalo swali la “kwa nini aliondoka” lingelipata. Majina ya walioliuliza yabaki chini ya swali. Na upande wa msanii ukiondoa mada iliyoshinda, orodha iseme hivyo waziwazi, bila lawama: imeondolewa na mgeni.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kalamu ya wachache huua sauti. Ni kweli. Swali la shabiki mdogo, lililoandikwa bila ustadi wowote, mara nyingine humgusa msanii na kumtoa kwenye majibu aliyoyakariri, na mhariri mwenye bidii angelinyoosha likawa kama maswali ya waandishi wa habari. Kwa sababu hiyo ningetenga nafasi chache za bahati nasibu, labda moja katika kila tano, ambazo swali lake halibadilishwi hata koma, isipokuwa likivunja faragha ya mtu. Wapo pia watakaosema kazi yote hii ni kubwa kwa watu wasiolipwa. Kwa jumuiya ya watu mia mbili hilo halina ubishi. Hao waulize tu kwa zamu, hawahitaji mfumo wowote.

Suala ambalo kambi zote mbili hulipita haraka ni swali la nyongeza. Orodha iliyotumwa mapema humpa mgeni nafasi ya kujibu nusu na kusonga mbele, kwa kuwa hakuna aliye upande wa pili wa kumuuliza anamaanisha nini. Mwandishi wa habari aliyezoea angeona pengo hilo papo hapo. Shabiki naye huliona, tena kwa haraka zaidi kwa sababu anazijua kazi za msanii kwa undani, ila hana mlango wa kuingilia. Nyota akija kwa saa moja, ni heri aulizwe mada nane na kila moja ibebe swali la pili, kuliko mada ishirini zinazopita mbio. Na swali hilo la pili apewe mmoja wa wale waliolizaa la kwanza, si msimamizi, kwa masharti kwamba awepo mtandaoni muda huo na aandike sentensi moja tu.