Kina Younger si familia yoyote tu

Nimesoma makala: eti ukumbi umeongeza siku za tamthilia ya “A Raisin in the Sun” kwa sababu kina Younger, familia ya Weusi wa Chicago inayosimuliwa humo, “wangeweza kuwa familia yoyote”. Hapo mwandishi wa makala kanipoteza. Wangekuwa familia yoyote, Karl Lindner, mjumbe wa mtaa wa Wazungu, asingewajia na pesa za majirani ili wasihamie nyumba ambayo Mama, mkuu wa familia, keshailipia kianzio. Lorraine Hansberry, aliyeiandika tamthilia, hakuyaokota hewani hayo: baba yake alinunua nyumba mtaa wa Wazungu huko Chicago, tofali likavurumishwa dirishani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 akashinda kwa hoja ya kiutaratibu tu, mikataba ya kuwazuia Weusi kununua au kuishi kwenye nyumba za mitaa ya Wazungu ikabaki palepale. Ndiyo maana zile dola 10,000 za bima ya marehemu mume wa Mama zina uzito ule jukwaani. Kuhusu umaarufu sibishi, tangu ilipoanza Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1959, watu wanaifuata. Ila mliokwisha kuiona, Walter, mwana wa Mama, alipozipoteza pesa alizotaka kufungulia duka la pombe, ukumbi ulimhurumia au ulimkasirikia? Nilipokaa mimi, akina mama walimzomea waziwazi.