Kipimo kinyamaze kwanza, sifa baadaye

Jamani hizi habari za vipimo vya DNA vinavyonasa ugonjwa mapema nazifuatilia sana, ila kila nikisoma naona sifa ni za upande mmoja tu, oh kimenasa molekuli chache kabisa, sawa, na damu isiyo na ugonjwa je? kinanyamaza?

Kukuza ishara tunakuhitaji kweli, maana maikroRNA, ile molekuli ya mwilini inayoweza kuashiria ugonjwa, ni kauzi ka herufi (vijenzi vyake) kama 22 hivi, kwenye damu zinaweza kuwa chache mno hata usizione. PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA, inazinakili zikishageuzwa kuwa DNA, mizunguko 30 ikienda vizuri kipande kimoja kinazaa zaidi ya bilioni, lakini inataka enzaimu na mashine ya kupandisha joto mpaka nyuzi 95 hivi na kushusha, mara kwa mara.

Ndo maana naipenda HCR, njia ya kukuza ishara kwa vipande vya DNA vinavyoshikana kuwa mnyororo, waliyoitoa watafiti Dirks na Pierce mwaka 2004, haina enzaimu wala kuchemsha. Unaweka vipande vya aina mbili vya DNA vilivyojikunja kama vibanio vya nywele, vimefungwa, vimetulia tu. Uzi wa ugonjwa, yaani kama ile maikroRNA, ukifika unafungua kibanio cha kwanza, mkia wake unaoachwa wazi unafungua cha pili, na mkia wa cha pili una herufi zilezile za ule uzi ulioanzisha kwa hiyo unafungua kingine cha kwanza, hivyo hivyo mpaka mnyororo mrefu, na mwanga wake ndio unaosomwa kama jibu. Uzuri ulioje!

Shida ni kwamba vile vibanio havijafungwa kwa kufuli. Ncha zake zinachezacheza, zinaachia na kushika tena, na vingine vimetengenezwa na kasoro tangu kiwandani, basi viwili vikikutana vimeachia kidogo mnyororo unaanza wenyewe bila ugonjwa wowote. Wataalamu wenyewe wanaita kuvuja. Na mwanga wake ni uleule! Mtu anaambiwa ana dalili ya saratani, halali, anaenda kukatwa kipande cha nyama kikapimwe, kumbe vibanio vimevuja.

Halafu wengi wanapima kwenye maji safi ya maabara, wakati damu imejaa enzaimu zinazokatakata DNA na protini zinazonata kila mahali, hapo namba nzuri zinaanza kuyumba.

Mimi siku hizi grafu ya kwanza kuitafuta ni ya mrija usiowekwa uzi wa ugonjwa, ulioachwa muda uleule na mingine, na ya damu za watu wasio na ugonjwa. Nisipoziona hizo mbili siendelei kusoma.