Chumba haramu, kodi halali

Juni 2025, Manispaa ya Dubai ilipoanza kupita kwenye majengo ya Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa, Al Barsha na Al Raffa kuondoa patisheni, yaani vijumba vinavyokatwa kwa gipsamu au mbao ndani ya fleti, simu yangu ilijaa pongezi kutoka Dar es Salaam. "Huko serikali inawajali," kaka yangu aliandika kwenye grupu la familia. "Sisi huku tunapangishiwa mabanda na hakuna hata wa kuja kuchungulia." Pongezi hizo zilinikuta napiga simu huku na huko, nawatafutia vitanda mabinti wawili wa Kikenya ninaofanya nao kazi, waliopewa siku chache wawe wameshahama.

Siku ile nilimjibu kaka kwa kifupi. Leo namjibu kwa kirefu, maana fikra zake wanazo wengi.

Kwanza ajue hapa Deira, sehemu ya Dubai, watu wanaishije. Mtu anakwenda kwa wakala, anachukua fleti ya vyumba viwili kwa jina lake, anaandika cheki za mwaka mzima zenye tarehe za mbele, mkataba unasajiliwa kwenye Ejari, mfumo wa serikali wa mikataba ya pango. Hadi hapo kila kitu halali. Halafu anaita fundi. Sebule inakatwa kwa gipsamu au mbao, zinatoka patisheni tatu, kila moja inaingia kitanda na begi, basi. Roshani ikizibwa nayo inapata mtu. Vyumba vya ndani vinawekwa dabo deka tatu tatu, na humo hakipangishwi tena chumba, kinapangishwa kitanda: bedispesi, ndivyo tunavyoita huku. Kitanda cha chini ni ghali kuliko cha juu, na kilicho karibu na kiyoyozi kina bei yake. Kabati lako ni uvungu. Jikoni kuna zamu, chooni kuna foleni, na anayerudi asubuhi kutoka kazi ya usiku hujifunza kulala huku wenzake wanakaanga samaki hatua mbili kutoka kichwani pake.

Tupige hesabu ya mfano. Fleti kodi yake dirhamu 96,000 kwa mwaka, yaani 8,000 kwa mwezi. Patisheni tatu za 1,500 ni 4,500. Vitanda 12 vya 700 ni 8,400. Jumla 12,900. Toa kodi, toa umeme, maji na intaneti, mwenye fleti bado analala bure na anabaki na chenji ya kutafutia kiwanja Chanika. Watu wa nyumbani hudhani huyu mwenye fleti ni Mwarabu. Mara nyingi ni Mhindi, Mfilipino, Mganda, Mkenya, au Mtanzania mwenzetu aliyetangulia kufika. Mmiliki halisi wa jengo anapokea cheki zake. Kama anajua yanayoendelea ghorofa ya tatu, hiyo ni siri yake na mlinzi wake wa mlangoni.

Ni hatari? Ni hatari, wala sibishani. Tarehe 15 Aprili 2023, Jumamosi ya Ramadhani, jengo la makazi liliungua Al Ras, kando ya soko la viungo ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hupita kila safari. Walikufa watu 16 na wengine 9 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa awali wa zimamoto ulionyesha jengo halikuwa limetimiza masharti ya usalama. Ukiwa unalala mahali ambapo njia ya kutokea inabidi uipite ubavu ubavu, na soketi moja imebeba chaja za watu wanane, habari kama ile huisomi kama ya watu wengine.

Kwa hiyo ukaguzi uje. Ninachouliza ni nani anayeulipia.

Kwa mpangaji mwenye mkataba, sheria ya Dubai namba 26 ya mwaka 2007, iliyorekebishwa 2008, ni ngao hasa. Mkataba ukifika mwisho, mmiliki hawezi kukuambia tu "nataka nyumba yangu". Lazima awe na sababu iliyotajwa kwenye sheria, mfano anauza au anataka kukaa mwenyewe, na atoe notisi ya miezi 12 kupitia kwa mthibitishaji wa serikali au kwa barua ya rejista. Mwaka mzima wa kutafuta pengine! Mkikorofishana kuna kituo maalumu cha migogoro ya upangaji kilichoundwa 2013. Nikiwasimulia watu wa Dar jambo hili hudhani nawatania.

Ila ngao hiyo imeandikwa jina la mwenye fleti. Sheria hiyo hiyo inasema mpangaji akipangisha wengine bila ridhaa ya maandishi ya mmiliki, anaweza kutolewa hata kabla mkataba haujaisha, yeye pamoja na wale aliowapangisha, nao wanabaki na haki ya kumdai fidia yeye aliyewapangisha. Kwenye karatasi inapendeza. Mabinti wetu walikuwa wamelipa kodi ya mwezi mkononi, na dipoziti mkononi, risiti hakuna. Mkataba wao ulikuwa ujumbe wa WhatsApp unaosema "nimepokea". Mwenye fleti alizima simu siku ile ile wakaguzi walipogonga mlango. Wamfuate wapi, na nani atawapa ruhusa kazini? Ni Juni, joto la nje limepita nyuzi 40, masanduku yako koridoni, na saa mbili asubuhi wanatakiwa wawe kazini wamepiga pasi.

Walipata patisheni nyingine, kwenye jengo ambalo ukaguzi ulikuwa haujafika, kwa bei ya juu zaidi kwa kuwa wiki ile waliotafuta walikuwa wengi. Wenyeji wa siku nyingi hawakushangaa. Waliiona kampeni ya mwaka 2008, ya villa moja familia moja, na wanakumbuka jinsi mbao zilivyohama mtaa na watu wakahama nazo.

Sasa turudi nyumbani, kaka. Dar hakuna anayeficha. Chumba Manzese, Tandale au Mbagala kinapangishwa mchana kweupe: dirisha linatazama ukuta wa jirani, choo cha shimo ni cha kaya nane, luku moja ya kugombania, na masika ikiingia unapandisha godoro juu ya meza. Nyumba yenyewe haikuwahi kuombewa kibali na kiwanja hakijapimwa. Lakini kodi inatakiwa ya miezi sita, kama si mwaka, na dalali anasubiri mwezi wake. Hapa ndipo Deira ina nafuu ambayo hatupendi kuitaja. Bedispesi unalipa mwezi kwa mwezi. Binti anayeanza kazi ya dukani Kariakoo atoe wapi kodi ya miezi sita kabla hajapokea mshahara wa kwanza? Anakopa. Na akishakopa amefungwa kwenye chumba hicho hata kama paa ni chujio, maana kodi ikishaliwa hairudi.

Na kutolewa je? Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Imebaki Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo, ukiisoma, inamtaka mpangishaji atunze paa na kuta, na chumba cha kuishi kiwe kinafaa kuishi binadamu. Yapo pia Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya pa kupeleka shauri. Niambie, kaka, unamjua mpangaji hata mmoja wa chumba kimoja aliyekwenda barazani kwa sababu paa linavuja? Wanaokwenda ni wenye fremu za biashara na mikataba iliyoandikwa na wakili. Wa chumba kimoja hupelekewa ujumbe na mtoto aliyetumwa: "Mama anasema mwisho wa mwezi uhame, kaka anaoa." Kaka haoi. Chumba kinapigwa chokaa, bei inapanda, na wiki ya pili anaingia mwingine. Ukikaidi, mlango unang'olewa "kwa matengenezo", au unarudi jioni unakuta vyombo viko nje na vijana wa kijiweni wamekalia kochi lako wakijadili Simba na Yanga.

Wenzangu wa ughaibuni hapa ndipo huanza kusifia kwetu. Kwetu kuna utu, wanasema: mjumbe atasuluhisha, jirani atakuhifadhia vyombo, mama mwenye nyumba ukimwangukia atakuongezea wiki mbili. Ni kweli. Hata mimi ningelazimishwa kuchagua mahali pa kutolewa vyombo nje, ningechagua Manzese kuliko Al Rigga, kwa sababu Manzese nitalala kwa shangazi, na hakuna kibali cha ukaazi wala mwajiri anayeingia kwenye hadithi. Lakini utu wa mwenye nyumba hutegemea kaamkaje siku hiyo. Mgeni wa mji asiyemjua mtu, mama aliyefiwa na mume, binti anayeishi peke yake na mtaa umeshaanza kumsema, hao huruma huwapita kando. Na mjumbe anayesuluhisha, uani kwake mara nyingi kuna vyumba vinne vya kupangisha. Atakuwa upande wa nani?

Ndiyo maana nakataa ule mchezo wa kupima wapi ni afadhali. Dubai nyumba mbovu inakaguliwa na anayefukuzwa ni mpangaji. Dar haikaguliwi na anayelowa ni mpangaji. Kote kuwili aliyeweka mbao au kujenga bila kibali anabaki na kodi aliyokwisha kupokea, kana kwamba chumba ndicho kilichokuwa haramu na fedha yake ilikuwa safi.

Uingereza, pamoja na vituko vyao vya kupangisha mabanda ya bustanini, kuna jambo moja ninalowaonea wivu. Sheria yao ya Nyumba na Mipango ya 2016 inamruhusu mpangaji wa nyumba ya watu wengi isiyo na leseni ya halmashauri kwenda kwenye baraza na kudai arudishiwe kodi aliyolipa, hadi ya miezi 12. Sheria mpya iliyopitishwa 2025 imepandisha ukomo hadi miezi 24. Na huko nako wapo wenye fleti wa katikati kama wetu wa Deira. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpangaji anaweza kumdai yule aliyempangisha moja kwa moja tu, aliye juu yake hagusiki, jambo lililowapa nafuu wamiliki wote wanaojifanya hawajui. Sheria ya 2025 ikaja kuliziba tundu hilo. Mmiliki naye sasa anafikika. Fikiria mlinzi wa jengo la Deira angekuwa mkali kiasi gani kuhusu gipsamu zinazopandishwa kwa lifti usiku, kama tajiri yake angekuwa anarudisha kodi ya mwaka.

Hili wala halihitaji miujiza. Dubai, tangu 2022, Idara ya Ardhi inataka wote wanaoishi kwenye fleti wasajiliwe kwenye programu yake, kwa hiyo serikali inataka kuwajua. Basi siku ya ukaguzi, afisa anayebandika notisi aandike pia nani analala humo na amelipa kiasi gani mwezi huu. Mwenye fleti ana dipoziti yake kwa mmiliki. Itoke hapo kwanza kabla hajazima simu. Dar nako tusiambiwe nyumba za uswahilini hazijulikani zilipo. Mwaka 2021 serikali iliweka kodi ya majengo ndani ya luku, na hela inakatwa kila unaponunua umeme, hata umeme unaonunuliwa na mpangaji. Mamlaka ya Mapato inataka asilimia 10 ya pango. Wanaojua kuhesabu vyumba kwa ajili ya kodi wanaweza kuhesabu na vyoo. Na mkataba unaogongwa muhuri serikali ya mtaa ungeweza kuwa na mstari mmoja wa ziada: nikikutoa kabla ya muda, miezi iliyobaki narudisha.

Najua nani atapinga. Hatakuwa waziri wala Mwarabu. Kwenye kikoba chetu cha Watanzania hapa Deira kuna dada tunayempenda sana, mchapakazi, anayewapokea wasichana wapya uwanja wa ndege na kuwapikia wali siku ya kwanza. Ana fleti mbili zilizojaa patisheni. Faida anapeleka Kivule, anajenga vyumba kumi vya kupangisha kwa safu, na mwezi uliopita alituonyesha ramani kwenye simu ili tumshauri. Vyumba kumi, choo kimoja pembeni ya geti, madirisha upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili umegusana na ukuta wa jirani. Wengine walimpongeza kwa bei aliyopata ya matofali. Mimi nilimwambia atoe vyumba viwili aweke vyoo. Alicheka, akanipigia hesabu pale pale: hivyo vyumba viwili, mwenzangu, ndiyo faida yenyewe.