Chupa ya mchanga mweusi

Mjomba alifika kwangu Ngamiani, mjini Tanga, Jumapili moja asubuhi, kashika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa mchanga mweusi. Hata shikamoo hakuisubiri. "Inyanyue kwanza," akaniambia. Nikainyanyua. Chupa ya namna ile ikijaa maji ni nusu kilo. Hii ilipita kilo nzima. Aliuchota ufukweni upande wa Pangani, bamvua ilipokwisha, pale ambapo mawimbi ya kusi huacha michirizi myeusi juu ya mchanga mweupe. Kijana mmoja wa bodaboda kamwambia ni madini ya kutengenezea ndege, na kwamba yuko mgeni anayeyanunua kwa kilo.

Kijana hakudanganya sana. Weusi ule kwa sehemu kubwa ni ilmenaiti, yaani chuma, titani na oksijeni vilivyoshikana pamoja. Titani inaingia kwenye ndege, ni kweli, ila ilmenaiti nyingi duniani huishia kwenye unga mweupe wa rangi za ukutani, karatasi na hata dawa ya meno. Nilitoa sumaku ya spika mbovu nikaipitisha juu ya mchanga uliomwagwa kwenye sinia. Chembe kadhaa zikaruka na kung'ang'ania, mjomba akacheka kwa furaha. Ikabidi nimkate maini: zinazoruka hivyo ni magnetaiti, madini ya kawaida ya chuma tu. Ilmenaiti huvutwa kidogo mno na sumaku ya spika, na zirkoni, madini mengine mazito ya mchangani ambayo nayo wanunuzi wanayatafuta, haivutwi kabisa.

Chanzo chake kiko milimani. Usambara na Pare ni miamba ya kale iliyopikwa kwa joto na kubanwa chini ya ardhi, kisha ikainuka. Mvua na jua huichakaza, na mito, Pangani ukiwa mkubwa wao, huteremsha chembe hadi baharini. Huko bahari inapepeta. Chembe ya mchanga mweupe wa kwatzi ni nzito kuliko maji mara mbili na nusu na kitu, ya ilmenaiti inakaribia mara tano. Wimbi likirudi huondoka na nyepesi, nzito zinabaki, kama mchele unavyobaki kwenye ungo pumba zikipeperuka.

"Sasa ni madini au si madini?" mjomba akauliza. Pwani hii sote tunauliza hivyo, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali lisilo na faida kuliko yote. Madini yako karibu kila mahali. Cha kuuliza ni kiasi gani, na yamekaaje ardhini.

Nikamsimulia kisiwa cha Unst. Kiko kaskazini kabisa ya Uingereza, ndicho kisiwa cha mwisho chenye watu, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 120 tu. Mwaka 1817 Samuel Hibbert aligundua huko mawe meusi mazito ya kromaiti, madini yanayotoa metali ya kromiamu. Upande mmoja wa kisiwa ni kipande cha sakafu ya bahari ya kale, pamoja na mwamba wa tabaka lililo chini ya ganda la dunia, kilichosukumwa juu ya nchi kavu bahari ile ilipojifunga, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mwamba ulioyeyuka ulipopenya katika tabaka hilo uliacha kromaiti katika mabonge, kama njugu ndani ya kashata. Bonge moja laweza kuwa nono, na hatua chache mbele hakuna kitu. Haliagi.

Watu walichimba mashimo madogo madogo, wakaponda mawe kwa kinu cha duara kilichozungushwa na farasi, wakauza kromaiti ya kutengenezea rangi ya njano. Kazi ile, kwa kupanda na kushuka, iliendelea hadi miaka ya 1940. Kinu bado kipo, watalii wanakipiga picha. Udongo wa juu ya mwamba ule una kromiamu na nikeli nyingi, na mimea mingi inaukataa. Karibu na machimbo kuna kilima kitupu kama mwezi, na juu yake huota ua moja dogo jeupe lisilopatikana popote duniani nje ya kisiwa hicho. (Mjomba alilipenda ua hilo kuliko habari yote ya kromaiti.)

Mchanga wetu umekaa kinyume na mabonge ya Unst. Umetandazwa, kidogo kidogo, eneo kubwa. Michirizi ya ufukweni ni utando tu, bamvua moja inauleta na nyingine inauzoa. Mali yenyewe, panapokuwa na mali, huwa imelala kwenye vilima vya mchanga wa kale mbali na maji, ambako zamani bahari na upepo vilipepeta kwa maelfu ya miaka. Waulizeni jirani zetu wa Kwale, Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mgodi wao wa mchanga kama huu ulikuwa bara, si ufukweni. Meli ya kwanza ilipakia mwaka 2014, na mwisho wa mwaka 2024 uchimbaji ulikoma kwa sababu mchanga wenye madini ya kutosha ulikuwa umekwisha. Miaka kumi na kitu, basi.

Kwa hiyo nasema wazi: anayehangaika na magunia ya mchanga wa ufukweni anapoteza nguvu zake, na anaichokoza bahari ambayo tayari inaila pwani ya Pangani. Ilmenaiti huuzwa kwa tani, na tani ni dola mamia machache. Kilo ya mjomba hainunui hata sahani ya wali. Lakini vilima vya mchanga wa kale vina wenyewe. Juu yake kuna minazi, mihogo na makaburi. Mgeni akija na karatasi za kutia saini, wazee wa kijiji wasimwulize chini kuna nini. Hilo atalijibu kwa tabasamu. Wamwulize ni tani ngapi, mchanga huo una kina gani, utachimbwa miaka mingapi, na shamba litarudishwa likiwa na udongo upi. Mnazi huanza kuzaa baada ya miaka kadhaa, na ukishika unamzalia hadi mjukuu. Hesabu hiyo mzee yeyote wa Pangani anaiweza bila kalamu.

Mjomba alisikiliza, akanywa kahawa yake, akarudisha mchanga ndani ya chupa kwa kijiko asimwage hata chembe. Nilidhani ataniachia. Akaenda nayo. Wiki iliyofuata nilipomtembelea niliikuta sebuleni, imeegemezwa mlangoni usijibamize, maana upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma.