Wagonjwa wa akili wameongezeka, au tumeongezeka sisi?

Kaa kidogo na watu Mlango Mmoja au Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza, utaambiwa tu kwamba siku hizi wagonjwa wa akili wamezidi. Sababu ziko tayari mdomoni: bangi, gongo, maisha magumu, simu.

Wasemao hivyo hawajazusha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa kwanza wa Uviko-19 sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Uingereza nako, ambako watu wazima huhojiwa majumbani kila baada ya miaka kadhaa, wenye matatizo hayo kati ya umri wa miaka 16 na 64 walikuwa asilimia 15.5 mwaka 1993, na 18.9 mwaka 2014. Bangi pia ina kesi ya kujibu kwa baadhi ya vijana.

Lakini tazama dunia nzima. Mwaka 1990 wenye maradhi ya akili walikadiriwa kuwa milioni 655. 2019 wakawa milioni 970. Ukiishia hapo lazima uogope. Katika miaka hiyohiyo watu wote walitoka bilioni 5.3 hadi 7.7, na kiwango cha ugonjwa, umri ukishasawazishwa, yaani tofauti za umri wa watu zikishaondolewa kwenye hesabu, karibu hakikusogea. (Ni makadirio, na Afrika imechangia takwimu chache mno.)

Sasa rudi nyumbani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.77 mkoani Mwanza. Ya 2022, milioni 3.7. Theluthi nzima imeongezeka. Ugonjwa usipopanda hata chembe, palipokuwa na wagonjwa watatu leo wapo wanne, wanapita stendi zilezile na kusubiri kliniki kwenye mabenchi yaleyale. Nani asingesema wamezidi?

Halafu kuna wasioonekana kabisa. Chukua mama muanika dagaa: wiki ya tatu hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, kichwa hakiachi kuuma. Zahanati anapimwa malaria, anapimwa taifodi, anaondoka na panadol. Kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa, anaandikwa maumivu ya kichwa. Ndugu wanampeleka kwa mganga, na huko hakuna kitabu. Siku mhudumu akifundishwa kuuliza maswali mawili matatu kuhusu sonona, mama huyohuyo ataingia kwenye hesabu, na mtu atasimama semina kutangaza kwamba tatizo limekua. Ongezeko la namna hiyo mimi nalipokea kwa mikono miwili. Balaa ni kulisoma kama dalili ya kizazi kilichoharibika, maana dawa yake huwa mahubiri na msako, wakati kinachotakiwa ni mhudumu anayejua kuuliza.

Idadi za wanaolazwa nazo zina mtego wake. Mgonjwa mmoja akikatiza dawa kwa sababu zimeisha zahanati au hana nauli, anaweza kulazwa mara tatu kwa mwaka. Kitabu cha wodi kinasoma watatu.

Ubishi huu ungekatwa na utafiti wa nyumba kwa nyumba, wenye maswali yaleyale kwa watu wa umri uleule, unaorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, na visiwa kama Ukerewe vikiwemo. Hadi hapo, anayesema wameongezeka aulizwe kwanza amehesabu nini: watu, mahudhurio, au vitanda.