Mahitaji ya maji Dar es Salaam: tuhesabu watu au tusome mita?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kasi ya ongezeko tangu sensa ya 2002 ilikuwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Mpangaji ambaye angeichukua kasi hiyo na kuiendeleza kwa miaka kumi mingine angetarajia wakazi wapatao milioni 7.5, lakini sensa ya 2022 ilikuta milioni 5.38. Pengo hilo ndilo silaha ya wanaopinga njia iliyozoeleka ya kukadiria mahitaji ya maji, yaani kuzidisha idadi ya watu kwa lita za kila mmoja kwa siku, kisha kujumlisha viwanda, taasisi na maji yanayopotea njiani.

Hoja yao ina uzito, kwa kuwa mitambo hujengwa kwa fedha nyingi, mara nyingi za mikopo, na mtambo uliojengwa kwa ajili ya wakazi wasiokuwepo hulipiwa na waliopo. Wanataka makadirio yaanzie kwenye mita.

Tatizo ni kwamba mita husoma maji yaliyopita, haisomi maji yaliyotakiwa. Katika mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki, ankara ndogo haithibitishi kwamba wakazi hutumia kidogo. Huenda wamejazia kwa boza, kwa kisima cha jirani au kwa madumu ya kununua, na hayo yote hayaingii katika kumbukumbu za DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao. Anayezichukua takwimu za miezi hiyo kama zilivyo atadhani watu waliacha kuoga kwa hiari yao. Makadirio ya namna hiyo huugeuza uhaba wa jana kuwa mahitaji ya kesho.

Tena, lawama ya lile pengo la sensa isibebeshwe hesabu ya watu peke yake. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani ulipanda kutoka takriban watu milioni 1.1 hadi milioni 2, na Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga hupata huduma kutoka DAWASA hiyohiyo. Uwezo wa mtambo wa maji wa Ruvu Chini, lita milioni 270 kwa siku, na wa Ruvu Juu, lita milioni 196, ukigawanywa kwa wakazi wa Dar es Salaam pekee, kila mmoja anapata kama lita 87. Hesabu inayopendeza mpaka ukumbuke Pwani, viwanda na mabomba yanayovuja.

Kwa maoni yangu, mita ziaminiwe pale tu maji yanapotoka saa 24, na kiwango kitakachopatikana hapo kizidishwe kwa watu wa mitaa mingine, kwa kufuata mtandao wa mabomba badala ya mpaka wa mkoa. Atakayepinga kwa kusema kwamba matumizi ya Masaki, mtaa wa wenye nacho penye bustani, hayawezi kupimia Mbagala, mtaa wa kipato cha chini, atakuwa na haki. Ndiyo maana nyumba zilinganishwe na za aina yake, kwa utafiti wa nyumba kwa nyumba unaouliza pia habari za boza na dumu.