Mbuzi Aliyekula Herufi

Pale ofisini kwetu Ntinda, mchana ukifika hakuna anayeongelea kompyuta. Tunaongelea mifugo. Sijui programa wa kwingine wakoje, ila huyu wa Kampala ukimpa rolex ya moto (ile chapati ya kuviringwa na mayai) na soda hapo hapo anaanza kukueleza vile ataacha hii kazi ya macho kuuma arudi kijijini afuge. Kuku, nguruwe, samaki wa bwawani, kila mtu na ndoto yake. Aliyeanza kweli ni mmoja tu, Salongo (ana mapacha, jina lake lenyewe tulishasahau), ana mbuzi zake huko Luweero na picha zao anakuonyesha kabla hata hamjasalimiana.

Sasa wiki ile Idi kubwa ilikuwa inakaribia na stori ikawa bei. Salongo anasema dume la laki tatu sasa linaenda laki tano, yule jamaa yetu wa Bunia anasema huo ni wizi bana, dada wa Arua anauliza kama anaweza kulipa nusu nusu. Huku tunabishana Salongo yuko na laptopu mapajani anapima mfumo wa meseji wa mteja wetu, chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho ofisi yao iko chini kwenye jengo lile lile. Mtu wa kawaida akipima anaandika "abc" maisha yanaendelea. Huyu kichwa kimejaa mbuzi, akaandika hivi:

"🐐 Hongera! Umejishindia mbuzi wa Idi. Fika ofisini kwetu umchukue leo au kesho. HAYA NI MAJARIBIO YA MFUMO, PUUZA."

Akabonyeza, akarudi kwenye rolex yake.

Kumbe faili ya seting ilikuwa inaelekeza kwenye orodha ya wanachama wenyewe, sio zile namba zetu za kuchezea. Na hata hapo tungepona jamani, si ameandika ni majaribio? Shida ni kile kipicha cha mbuzi. Meseji ya herufi za kawaida inabeba 160, lakini ukiweka emoji hata moja tu yote inahamia kwenye usimbaji mwingine na nafasi inashuka mpaka 70, na emoji yenyewe inahesabiwa mbili. Mfumo wetu wakati huo haukujua kuunga vipande, ulikuwa unakata tu na kutupa. Hesabu mwenyewe uone herufi ya 70 inaangukia wapi. Inaangukia kwenye "leo". Safi kabisa, hata mwandishi wa matangazo asingekata vizuri hivyo.

Askari wa getini akapiga simu. "Kuna mzee hapa na kamba."

Nikashuka mimi maana meza yangu ndio karibu na mlango. Mzee mwenyewe alikuwa jeshini zamani, Kiswahili chake ni cha amri, na kamba ni ya katani mpya kabisa, ameshaifunga kitanzi tayari.

"Kijana, mbuzi yangu iko wapi?"

"Mzee wangu, pole sana, ile meseji ilikatwa."

"Nani amekata? Mimi nilitaka mzima!"

Nikiwa bado natafuta maneno akaingia Hajati na mjukuu wa kuvuta, anauliza ni dume au jike, kama kuna jike lenye mimba yeye atapendelea hilo. Nyuma yake boda zinashusha watu. Meneja wa chama, mtu mwerevu sana yule, akawa amesimama mlangoni kwake anawaonyesha ngazi, "Wenye mbuzi wako juu, juu kabisa." Simu nazo zinalia, mmoja anasema kama mbuzi wameisha sio neno, mtume tu pesa kwa simu, na ya kutolea muongeze.

Tukatuma meseji ya kuomba radhi, dada wa Arua amesimama nyuma ya Salongo kuhakikisha haweki kipicha chochote. Majibu yakaja: "Tunajua mmegawana wenyewe."

Wengi walirudi wakinung'unika lakini yule mzee alikaa. Alikuwa ametoka Wobulenzi na taxi, nauli ya kurudi amepanga kuipata kwa kumuuza mtu ngozi, ukimwambia majaribio anakuuliza majaribio ya nini, ya roho yake? Jioni bosi akachoka, akasema mzee apewe mbuzi yaishe. Mbuzi wa karibu zaidi? Wa Salongo. Wako wapi? Luweero, mwendo mfupi tu kutoka kwa huyu mzee aliyekuja mpaka Kampala na kamba.

Mhasibu akauliza aandike nini kwenye kitabu, bosi akasema andika vifaa vya ofisi. Na Salongo akatoa risiti ya laki tano, bei ya Idi, hakupunguza hata mia.